Nafasi Namba Kumi na Saba

Gari la Nyanchama lilizimika katikati ya lango la chuo saa moja na nusu asubuhi, siku ya kwanza ya muhula, na nyuma yake magari thelathini yakaanza kupiga honi. Mvua ilikuwa ile nyembamba ya Kericho, isiyo na haraka ya kwenda popote. Maprofesa walitoa vichwa madirishani wakasema maneno ambayo hawafundishi darasani.

Mwanaume mmoja mrefu alitoka kibandani mwa walinzi, amevaa koti la kahawia lililoonekana kuwa jipya.

"Madam, weka gia free. Nitasukuma."

"Na hiyo koti yako?"

"Itakauka. Wewe shika usukani tu."

Akasukuma. Viatu vyake vilizama topeni, lakini gari likasogea, likapita lango, likateremka taratibu hadi kwenye jengo la maabara, likajisimamia lenyewe katika nafasi iliyoandikwa 17 kwa rangi nyeupe. Nyanchama alishuka na sketi yake ya kitenge cha kijani, na buti nyeusi za mpira ambazo wenzake walimcheka kwazo. Alikuwa teknishiani wa maabara, mwenye miaka ishirini na tisa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

Katika kiti cha abiria alikaa mzee mwenye kofia ya sufu na blanketi magotini. Alimtazama yule mwanaume kwa makini.

"Wewe ndiyo karani wa majani?"

Nyanchama alitaka kueleza, lakini mwanaume alikwisha kuinama dirishani. "Ndiyo mzee."

"Andika kilo zangu. Arobaini na mbili."

Mwanaume akatoa kalamu, akaandika 42 katika kiganja chake kilicholowa, akamwonyesha. Mzee akaridhika. Hapo ndipo Nyanchama alipompenda mwanaume huyo, Kipkurui, ingawa alilikana kwa wiki tatu.

Mzee alikuwa baba yake Nyanchama, Onyiego, ambaye yeye alimwita Tata. Alichuma chai miaka thelathini na minane katika mashamba ya wenyewe, na alipostaafu akawa ananunua ndama Mulot na kuwauza Kaplong. Sasa akili yake ilikuwa imerudi kwenye chai na kubaki huko. Akiachwa nyumbani alitoka kwenda kazini, kazi ambayo haikuwepo tena, na mara mbili aliokotwa barabarani kwenye lami. Wasichana wa kumtunza walikaa wiki moja, wakakimbia. Basi Nyanchama alikuja naye. Nafasi namba 17 ilikuwa chini kabisa ya dirisha la maabara. Mzee akimwona binti yake dirishani alitulia kutwa nzima. Saa nne Nyanchama alimpelekea chai na mandazi. Kila nusu saa alimpungia mkono, na mzee akapunga.

Sheria ya chuo ilikataza mtu kukaa garini kutwa. Kipkurui alikuwa afisa wa usafiri, naye ndiye aliyepaswa kuandika ripoti. Hakuiandika. Alianza kupita hapo saa nne na kikombe chake mwenyewe.

"Unakuja kuangalia mzee ama kuangalia mimi?" Nyanchama aliuliza siku moja.

"Mzee. Wewe nakuonanga tu kwa bahati mbaya."

"Basi endelea na mzee. Mimi niko na kazi."

"Si unipatie namba, nikupigie nikuambie vile mzee ameamka?"

"Mzee ananiamsha mimi kila siku, Kipkurui. Nitakuambia mimi."

Lakini namba akatoa. Jioni walipigiana simu mpaka salio likakatika. Nyanchama alimwita *karani wangu*. Kipkurui alimwita *mama wa 17*. Walipendana kweli, na ninalisema wazi kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri hawakupendana.

Siku ile ya kwanza ilikuwa bahati; baada ya hapo kupata nafasi hiyo kulitaka ufike saa kumi na mbili, kwa sababu nafasi zilikuwa themanini na magari yalikaribia mia nne. Watu walisukumana. Mhadhiri mmoja alitobolewa tairi. Mwezi wa nane chuo kikatangaza dawa yake: mnada. Kila mfanyakazi angeweka dau lake kwa simu, kwa siri, kwa nafasi anayoitaka. Ijumaa saa kumi na moja mnada unafungwa, wa juu anachukua nafasi muhula mzima, na Jumatatu orodha inabandikwa langoni. Wasioshinda wangeegesha uwanja wa chini, mwendo wa dakika kumi na tano, ukingoni mwa shamba la chai. Nafasi mbili za walemavu zilibaki pale pale, mbele ya ofisi kuu, mbali na dirisha lolote la Nyanchama. Kipkurui alipewa kazi ya kusimamia mnada, na akatia sahihi kwamba yeye mwenyewe hataweka dau.

"Utaweka ngapi?" Kipkurui alimuuliza Nyanchama kwenye simu wiki ile.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Nyanchama alikua akimfuata baba yake soko la ng'ombe la Mulot, na pale mzee Onyiego alimfundisha jambo moja kila Alhamisi: usimwonyeshe mtu yeyote ulicho nacho mfukoni, hata anayekupenda, mpaka kamba ya ndama iwe mkononi mwako. Lilikuwa limemwingia damuni. Zaidi ya hayo, Kipkurui alikuwa mtu wa ofisi ile ile. Hakutaka aonekane anaomba.

"Niko na elfu mbili tu," akasema.

"Elfu mbili, Nyanchama? Daktari Ouko anasema ataweka tano kwa hiyo 17. Anajisifu kila mahali."

"Basi Mungu ataona."

Siku hiyo hiyo alikuwa ameuza ndama dume wa mwisho wa baba yake. Aliweka elfu nane.

Kosa la pili lilikuwa la Kipkurui. Hakuweza kuvumilia kumwona Daktari Ouko na gari lake kubwa jeusi pale chini ya dirisha. Akamwendea binamu yake Alexander, aliyefanya kazi maktaba, akamwambia aweke dau kwa jina lake. Elfu tisa, pesa za Kipkurui. Angeshinda, angechukua kadi ya nafasi, angeitia kwenye bahasha, na Jumatatu asubuhi angempa Nyanchama langoni mbele ya watu wote na kumwomba ruhusa ya kwenda kwao kujitambulisha. Alikwisha kununua bahasha.

Ijumaa saa kumi na moja akafungua madau. Kumi na saba: Alexander, elfu tisa. Nyanchama, elfu nane. Ouko mwenye kujisifu, elfu tatu na mia tano.

Kipkurui alikaa mbele ya kompyuta akacheka peke yake. Huyu msichana mwongo. Alifurahi kwamba pesa za Nyanchama zingebaki mkononi mwa mwenyewe, na kwamba angeona uso wake Jumatatu. Alikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kusema. Wapendanao wakifichana namna hii, mtu hukosa wa kumchapa kwanza.

Jumapili baada ya kanisa Nyanchama alipiga simu.

"Si umefungua zile vitu? Niambie tu kidogo."

"Ngoja Jumatatu."

"Karani wangu, tafadhali. Ni mambo ya Tata."

"Ngoja Jumatatu, mama wa 17," akasema, na sauti yake ikajaa kicheko. Nyanchama alisikia kicheko hicho, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Jumatatu mvua ilikuwa kubwa. Langoni kulikuwa na ghasia. Watu zaidi ya mia waliizunguka orodha, wengine wakigombana na Kipkurui, wakimwita mwizi, wakitaka kujua kwa nini mpishi amepata nafasi na dekani amekosa. Nyanchama alishuka garini na mwavuli, akajipenyeza, akasoma. *17: Alexander.*

Alexander hakuwa na gari. Kila mtu chuoni alijua Alexander anapanda pikipiki.

Alisoma tena. Kisha akaona kila kitu, au alidhani ameona: afisa wa usafiri na binamu yake, nafasi nzuri kuliko zote, na mtu wa kuuziwa baadaye kwa bei ya juu. Na kicheko cha jana. Mwanamke mmoja kando yake alisema kwa sauti ndogo, "Dada, hapa ukiwa si wa kabila lao, unakula kwa macho." Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni na alikuwa ameyakataa kila mara. Asubuhi hiyo aliyameza.

Kipkurui alimwona kutoka katikati ya watu. "Nyanchama! Ngoja!" Bahasha ilikuwa mfukoni mwa koti lile la kahawia. Dekani alikuwa amemshika mkono. Alipojinasua, gari lilikuwa limeshageuka. Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena mara nne.

Nyanchama aliegesha uwanja wa chini. Mlango wa abiria ulikuwa haufungiki vizuri tangu zamani, na kule namba 17 halikuwa tatizo. Alimfunika baba yake blanketi mara mbili.

"Tata, nitaenda nifungue maabara, nitakuja saa hii hii. Usitoke."

"Utakuwa dirishani?"

"Nitakuja, Tata."

"Lakini dirisha iko wapi?"

Nyanchama alikimbia juu kwa sababu wanafunzi sitini walikuwa wakingoja mtihani wa vitendo, na alilia njia nzima kwa hasira.

Saa mbili na dakika ishirini lori la kubeba majani lilipita barabara ya chini likapiga honi mara tatu, kama malori hayo yapigavyo kuwaambia wachumaji kwamba mizani imefika. Mzee Onyiego alifungua mlango akaenda kazini.

Kipkurui ndiye aliyelikuta gari, mlango wazi, blanketi limelowa. Alipanda mbio hadi maabara, na walipotazamana mlangoni hapakuwa na muda wa kugombana. Walinzi, wanafunzi na wachumaji wa shamba la jirani waliingia ndani ya chai wakiita jina la mzee. Waliita kwa muda wa saa nne nzima. Chai ile humfika mtu kiunoni, na mtu aliyeinama haonekani.

Walimpata saa sita na nusu kwenye kibanda cha kupimia majani, kilomita mbili kutoka pale. Lori lilikuwa limeshaondoka. Alikuwa ameketi sakafuni bila kiatu kimoja, anatetemeka, na mifuko yote ya koti lake imejaa chai iliyochumwa vizuri, kila kikonyo majani mawili na chipukizi.

"Nyanchama," alisema, "mwambie karani aandike."

Aliyekuwa amesimama karibu ni Kipkurui. Alitafuta kalamu mfukoni, akagusa bahasha.

Nimonia ilimshika mzee kifua usiku huo. Madaktari wa hospitali ya Kaplong walifanya waliloweza kwa siku tisa. Siku ya nne Kipkurui alimkuta Nyanchama kwenye benchi la ukumbini, amevaa ile ile sketi ya kijani.

"Mlitaka kuniuzia, si ndio? Wewe na Alexander."

"Hapana. Ilikuwa yako." Akampa bahasha. "Ilikuwa yako tangu Ijumaa."

Nyanchama hakuifungua. Aliiweka mkobani na kugeuzia uso ukutani. Kipkurui alikaa upande wa pili wa benchi mpaka mlinzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umeisha.

Nyanchama aliifungua baada ya mazishi ya mzee, nyumbani kwao Nyamira, wageni wakiwa wanaosha sufuria. Ndani mlikuwa na kadi ya namba 17 yenye namba za gari lake, na karatasi: *Hii ni ya mzee. Na wewe ukikubali, nije kwenu nisalimie.* Akatoka nyuma ya nyumba akapiga simu.

"Mliweka ngapi?"

"Nyanchama, pole sana na—"

"Ngapi?"

"Tisa. Wewe nane."

"Na Ouko?"

Kipkurui angeweza kudanganya, na labda mtu mwenye huruma zaidi angedanganya. "Tatu na nusu."

"Kwa hivyo ungekaa tu, ningeshinda mwenyewe."

"Ningekaa tu."

"Na mimi ningekuambia ukweli, ungekaa."

"Ningekaa, Nyanchama."

"Usinipigie tena," Nyanchama akasema.

Kipkurui alimwendea mkuu wake akasema alichofanya. Aliondolewa kwenye mnada, akashushwa cheo, akawekwa langoni na walinzi kuinua kizuizi. Alexander hakuongea naye. Muhula ule mzima namba 17 ilikaa tupu, maana kadi ilikuwa ya Nyanchama naye aliendelea kuegesha chini na kupanda kilima kwa miguu. Alimpita Kipkurui langoni kila asubuhi, na kila asubuhi Kipkurui aliinua kizuizi akamwangalia, na Nyanchama akaangalia mbele. Nyanchama alimpenda bado. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba upendo huo haukufa pamoja na mengine.

Mwezi wa kwanza mnada ukafunguliwa tena. Ijumaa saa kumi na nusu simu ya Kipkurui ililia.

"Kipkurui."

"Nyanchama."

"Nimeweka dau saa hii. Kumi na saba."

"Usiniambie. Hata si kazi yangu siku hizi."

"Elfu nne na mia mbili. Ndiyo yote niko nayo. Hakuna ingine nimeficha mahali."

Kipkurui alisimama na mkono kwenye kizuizi. Gari moja lilikuwa linangoja kupita. "Na unataka ya nini sasa?"

"Nikiangalia chini nipate gari ya mtu mwingine pale, sitaweza kufanya kazi. Na wewe umeweka ngapi?"

"Mimi sijaweka kitu."

"Hata kwa Alexander?"

"Hata kwa Alexander. Nakuapia."

"Sitaki uape. Nataka uwe unaniambia." Gari lilipiga honi, na Kipkurui akaliacha lipige. "Jumatatu saa nne uko wapi?"

"Hapa kwa geti. Lakini wanaweza kunishikia zamu kidogo."

"Basi ukuje na chai. Lakini usikae kwa kiti ya Tata. Ukae nyuma."

Jumatatu orodha ilikuwa na jina lake. Saa nne Kipkurui aliteremka na vikombe viwili, akafungua mlango wa gari pale namba 17, akakaa nyuma, na Nyanchama alimwona kutoka dirishani kabla ya kushuka ngazi.