Safu ya Tatu

Haya yalimpata shoga yangu, fundi cherehani. Mumewe alimwekea kwenye kompyuta ya kazini kiendelezi cha kivinjari, kijiprogramu kinachopanga majibu ya injini tatu za utafutaji katika safu tatu, kisha akaaga anasafiri.

Shoga akaandika jina la duka lake. Safu mbili zikaleta duka. Ya tatu ikaleta tangazo la msiba, limewekwa na mumewe: “Mke wangu ametutoka.” Pichani ni shoga mwenyewe, amepigwa picha kutokea nyuma, anageuka, amevaa gauni la mteja alilokuwa analijaribu muda uleule, pini zingali kwenye pindo.

Umeme ukakatika. Chumba chake cha kushonea hakina dirisha. Akampigia mumewe, na simu ikaita nyuma ya mgongo wake.

“Geuka kidogo, mke wangu,” ikasema sauti aliyoizoea, na kamera ikalia.