Mstari Mpya Juu ya Bolti Iliyolegea

Ghislaine alikuwa amebakiza bolti mbili. Aliikaza ya kwanza mpaka spana ikagoma, akafuta grisi kwa kitambaa, kisha akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe na kuchora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba la chuma. Nati ikilegea itazunguka, na mstari utakatika. Hivyo ndivyo alivyozilinda bolti za mashine ya kurusha theluji, iliyofungwa nyuma ya trekta ya mumewe. Jiko la kuni lilikuwa likinguruma bandani.

"Unazipaka wanja?" Rosaire akamtania. "Zinaolewa lini?"

"Siku utakayojifunza kuzikagua, mume wangu."

Wakacheka. Walikuwa na sharti moja: mstari ukikatika, trekta haitoki.

Ndugu zangu, nyumba hiyo ilikuwa na amani. Kisha theluji ikaanguka mfululizo, na simu ikawa hainyamazi. Kando ya Ziwa Saint-Jean, ambaye njia yake haijasafishwa haendi kazini wala hospitali, na wengi walimtegemea Rosaire awasafishie. Akawa anakula amesimama. Asubuhi moja Ghislaine aliingia bandani akamkuta ameshawasha injini.

"Mistari je?"

"Imenyooka kama njia ya kanisani. Angalia mwenyewe."

Aliinama akaangalia. Kweli, yote ilikuwa imenyooka, myeupe pe. Rosaire akaondoka.

Ghislaine alipokuwa akirudisha kopo la rangi mahali pake, mkono wake uligusa brashi. Ilikuwa bado na rangi mbichi. Yeye hakuwa ameishika tangu theluji ianze. Akakitazama kidole chake kilichogeuka cheupe, akakimbilia simu.

Alimpigia Rosaire, simu ikaita bila kupokelewa. Katika kelele za trekta hasikii kitu. Lakini kila siku alianzia kwa dada yake, Huguette, jirani yao. Akampigia huyo.

"Wifi, uko wapi?"

"Jikoni, wapi tena? Nakoroga supu ya njegere. Mumeo huyu hapa nje anageuza trekta, ananipungia mkono kama mfalme."

"Ondoka dirishani."

"Ngoja nipunguze moto kwanza..."

"Achana na supu, Huguette! Lala chini!"

Akasikia mwiko ukidondoka. Kisha kishindo, na vioo kuvunjika. Ghislaine aliita, akaita tena.

"Wifi," sauti ikaja, ndogo. "Kabati limetoboka. Palepale kilipokuwa kichwa changu."

Alikimbia bila koti. Alimkuta Rosaire amekaa sakafuni kwa dada yake, bolti mkononi. Ilikuwa imechomoka, ikaangukia kwenye mapanga yanayozunguka, na bomba la kurushia theluji likaitema wakati akilizungusha kuelekea upande wa nyumba. Huguette alikuwa akiokota vipande vya kioo nyweleni, sikio likimvuja damu.

"Mistari mitatu ilikuwa imekatika," Rosaire akasema bila kuinua macho. "Kukaza kungenichelewesha, na nilijua utanizuia. Nikaifuta, nikachora mipya."

"Siku nyingine, kaka, nichoree jeneza kabisa," Huguette akasema.

Ghislaine hakumtukana mumewe. Alijua si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na watu walikuwa wanamngoja. Alichukua kitambaa akamfunga wifi yake sikio.

Mchana wakairudisha mashine bandani. Rosaire alizifungua bolti zote, akasafisha nyuzi zake za kuingizia nati, akapanga nati mpya na gundi ya kuzishikia. Akaishika spana.

"Nikaze sasa?"

"Bado. Sikiliza."

Matone yalikuwa yakidondoka sakafuni. Barafu iliyoganda katikati ya mabamba ilikuwa ndiyo kwanza inayeyuka.

"Ukikaza leo, unakaza maji. Yakitoka, nafasi inabaki, na nati inalegea. Na gundi haishiki penye unyevu."

Simu ya mteja ikaita. Rosaire alimtazama mkewe, kisha akaipokea. "Hapana, mama, leo siji. Hapana, haijaharibika yenyewe. Niliificha hitilafu, karibu nimuue dada yangu." Akasikiliza kidogo. "Kesho, ikikauka."

Akaongeza kuni kwenye jiko la bandani. Bolti zikabaki zimepangwa juu ya gazeti, bila mstari hata mmoja.

MAFUNZO

Wasomaji wangu, kila nyumba ina alama zake za hatari. Alama ikikuonyesha kwamba kitu kimelegea, usiipake rangi, simama ukikaze. Watu wanaokungoja watakasirika, na hasira yao itapita. Rosaire hakuwa mvivu, na huenda hata wewe ungefanya kama yeye asubuhi ile. Lakini aliyedanganywa na ule mstari ni mkewe, na aliyekuwa amesimama dirishani ni dada yake.