Mpokeaji wa Mizigo Tanga

"Mama, tia sahihi hapa, nipandishe na friji, lori iende."

Zabibu alifuta mikono akachukua karatasi ya mizigo. Siku tatu alikuwa akifunga vyombo katika nyumba yao ya kupanga mtaa wa Turffontein, Johannesburg. Yeye na mumewe Khatibu walikuwa wanarudi Tanga moja kwa moja. Vitu vitangulie na kontena, wao wafuate kwa ndege. Alisoma orodha: sofa, kitanda, cherehani mbili. Chini palikuwa na jina la mpokeaji na namba ya simu.

"Firmin, Nusaiba ni nani?"

"Mimi sijui, mama," alijibu mpakiaji, Mkongo wa mtaa wa Yeoville. "Jina hiyo alinipatia baba mwenyewe. Si ndugu yenu?"

Zabibu alipiga ile namba, akaweka sauti ya nje.

"Napiga kutoka Johannesburg, kuhusu mizigo ya Khatibu."

"Afadhali. Mimi mkewe. Cherehani zimeshapakiwa?"

Zabibu aliketi juu ya sanduku la vyombo.

"Zimepakiwa."

"Dada, nakuomba kitu. Huko kuna mwanamke kapanga naye nyumba. Mume wangu anasema ana mkono mrefu. Asikae karibu na masanduku."

"Nitamwangalia. Mmeoana lini?"

"Mwezi wa Rajabu. Kitanda changu ni kizuri?"

"Kizuri. Tumekilalia miaka tisa, mimi na huyo mumeo."

Kabla Nusaiba hajajibu, Khatibu aliingia getini. Alimwangalia Firmin, akaiona karatasi mkononi mwa mkewe, akaelewa.

"Tiketi yangu iko wapi, Khatibu?"

"Huna tiketi. Wewe umeshaizoea Joba, baki hapa. Kodi utaijua mwenyewe."

"Na vitu nilivyonunua kwa kushona?"

"Miaka tisa hujanizalia hata mmoja. Vitu unamtunzia nani?"

Firmin aliangalia pembeni. Zabibu hakulia. Aliirudisha ile karatasi bila sahihi.

"Firmin, shusha kila kitu."

"Usishushe," Khatibu alifoka. "Mzigo ni wangu."

"Baba, kwetu mwenye kufunga mizigo ndiye anatia sahihi. Mama amekataa. Lori haiwezi kubeba."

Sofa zikashuka, kitanda kikashuka, cherehani zikashuka. Khatibu alisimama katikati ya njia, Firmin na wenzake wakawa wanampita na mizigo. Ndani ya lori likabaki begi moja, la viatu vyake.

Zabibu aliinua simu. Ilikuwa bado hewani.

"Nusaiba, umesikia?"

"Nimesikia yote."

"Basi mumeo anakuja. Yeye na begi la viatu."

"Viatu tu?"

"Viatu tu."

"Dada, kaa naye huko huko. Baba yangu aliambiwa binti yake anaingia nyumba yenye vitu. Mimi sitamfugia mtu viatu."

"Nusaiba, mke wangu, nisikilize," Khatibu alisema, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Aligeuka taratibu. Sauti yake ilikuwa imelainika ghafla, kama ya mgonjwa.

"Zabibu, tuingie ndani tuongee. Tumetoka mbali sisi."

"Yule kakukataa sasa hivi, mate hayajakauka, na mimi nimekuwa mke tena?"

"Nilikosea, mama."

"Sina mtoto, umesema mwenyewe. Usiniite mama."

Alimgeukia Firmin.

"Anza kuingiza kitanda. Hilo begi liweke nje ya geti, mwenyewe ana ndege ya kuwahi."