Uji Uliomwagwa

Kila asubuhi Chancelvie aliwasha makaa kwenye mbabula, akampikia baba yake uji, kisha akavaa sare za shule. Mama yake, Myriam, alikuwa ameshatoka kwenda kuuza sokoni. Baba, Kasonde, dereva wa malori ya mgodi wa Kinsevere, alikuwa amelala kifudifudi chumbani. Alikuwa amepasuliwa bawasiri, na tangu atoke hospitalini na kurudi nyumbani, mtaani Makomeno, hakuweza kuketi.

Siku moja baba alilisukuma bakuli la uji. "Kamwage nyuma ya nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Nikikula, nitaenda chooni, na kule ni kama kukalia vipande vya chupa. Mama yako usimwambie."

Chancelvie akamwaga. Jioni mama alipouliza, alijibu, "Baba amekula, mama."

Kesho yake akamwaga tena, na maji ya kunywa pia. Macho ya baba yalizidi kuingia ndani. Alipodhani yuko peke yake, alilia huku ameuma shuka.

Jumamosi Chancelvie alisikia kishindo chooni. Alimkuta baba sakafuni, jasho linamtiririka, kitambaa alichojifunga kimelowa damu.

"Usiite muntu," baba alinong'ona.

Chancelvie alikimbia kwa jirani yao Mama Martine, muuguzi, akamweleza yote: uji, maji na uongo wake.

Martine alimrudisha Kasonde hospitalini mara moja. Damu ilizuiwa, akapewa dawa ya maumivu na ya kulainisha choo.

"Papa Kasonde," Martine alimwambia, "choo ikikaa ndani inakuwa ngumu kama jiwe, inachana kidonda. Kunywa maji mingi. Kula mboga ya lengalenga na maharagi. Dawa umeze kwa saa yake. Na kila ukitoka chooni, ukae ndani ya beseni ya maji ya uvuguvugu."

Maumivu hayakuisha upesi. Bado aliguna usiku, lakini choo hakikumwangusha tena.

Mama alipoelezwa yote, alimwita binti yake. "Ulinionyesha bakuli tupu, nikaenda kuuza na moyo mutulivu, kumbe baba yako anakauka. Muntu mukubwa akikuomba ufiche ugonjwa wake, hata akiwa baba yako, ukatae. Umwambie mwenye kuweza kumusaidia. Hiyo ndiyo heshima."

"Ndiyo, mama," Chancelvie alijibu, machozi yakimdondoka.

Baba aliwasikia. Alichukua sahani yake, akala akiwa amesimama, ameegemea ukuta, mpaka akamaliza.