Vidole vya Suhaib

Siku Najat alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole, alivaa dera la njano lililonyooshwa pasi na mtandio mweupe, kana kwamba polisi hutoa cheti cha tabia njema kwa kuangalia nguo. Bila cheti hicho hakuna viza, na bila viza kazi ya hotelini Muscat ingekwenda kwa mwingine. Foleni ilitoka mlangoni ikapinda hadi juani. Kila aliyekuwamo alijitahidi kuonekana mwema.

Ndani, kijana aliyemtangulia alikuwa amekwama. Mrefu, shati la drafti, vumbi la mbao kwenye nyusi. Askari wa kike alimpaka wino, akakandamiza vidole vyake kwenye karatasi, akaitazama, akaguna.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Fundi seremala, Keko. Shikamoo mama, nilisahau kukuamkia."

"Marahaba. Msasa umekula mistari yote, hapa naona madoa tu. Kapumzishe mikono. Ngozi ikirudi, na wewe urudi."

Kijana aligeuka, akamkuta Najat amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Cheka tu, sista. Yaani hata nikiiba leo hawanipati."

"Haya iba, tuone."

Kilichoibiwa ni moyo wa Najat, na hakwenda kuripoti popote.

Aliitwa Suhaib, naye alikuwa amepata kazi Muscat, kwenye karakana ya samani. Wasioujua upweke wangesema wawili hawa waliharakisha. Tangu mama yake afariki, Najat aliishi peke yake Kimara: chumba kimoja, sahani moja, na redio aliyoiwasha ili mle ndani kuwe na mtu anayezungumza. Leo anapata mwanamume, tena anayekwenda mji uleule! Aliona Mungu kamhurumia.

Kila jioni, barazani, mbele ya macho ya wapangaji wote, alimpaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja.

"Umeacha msasa kweli?"

"Nimeacha, mpenzi. Mie napima na kukata tu. Msasa namwachia Mfaume, mwenzangu wa karakana."

"Na ukinidanganya?"

"Nitakudanganyaje, na mikono yenyewe unayo wewe?"

Cheti cha Najat kikatoka. Suhaib alirudi polisi, wakamwambia bado. Akarudi tena, bado. Hapo ndipo Flaviana, mpangaji wa chumba cha pili, alipotia neno lake.

"Shoga, mafuta yote hayo na vidole havisomeki? Huyo ana kesi. Anaficha."

Neno lilimkaa Najat kooni mchana kutwa. Jioni akapiga simu.

"Suhaib, niambie ukweli. Umewahi kufungwa?"

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza mie."

"Hata mahabusu sijawahi kulala. Kumbe siku zote unanipaka mafuta unaniona mwizi?"

Simu ikakatwa, na haikuita tena. Najat naye akashupaza shingo. Chupa ya mafuta ikabaki dirishani, redio ikaendelea kuzungumza peke yake. Viza ilipotoka hakuwa na wa kumwonyesha ila Flaviana, na furaha ya Flaviana haikumtosha. Akafunga safari ya Keko kwenda kuomba radhi.

Alimkuta nyuma ya karakana, ameinamia kitanda kipya cha mninga, ubao wa kichwani tayari umelainika na kung'aa. Suhaib alikuwa na msasa mkononi, lakini hakuwa akisugua ubao. Alikuwa akisugua ncha za vidole vyake mwenyewe.

"Suhaib!"

Msasa ukamdondoka. Najat alikuja na maneno ya kuomba radhi, yote yakamkauka mdomoni.

"Kumbe huna kesi. Hutaki tu kwenda na mie."

"Na wewe nataka. Kwenda ndiyo siwezi." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama yangu kule Kimbiji macho yamekwisha. Ananijua kwa kunishika mkono. Juzi kanishika, akauliza, huyu nani, mbona laini? Nimwache na nani, Najat?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana. Ningeanzia wapi?"

Najat alitaka kumpiga, akajikuta amemkumbatia, wote wawili wanalia ndani ya vumbi la mbao.

"Na nikikuomba ubaki?" Suhaib akanong'ona.

"Usiniombe, ukiniomba nitabaki. Halafu nitakuja kukuchukia."

Suhaib hakuomba.

Jioni ya mwisho alikuja barazani. Najat akaishusha chupa dirishani, akamshika mkono.

"Ya nini tena, na mie siendi?"

"Vipone tu. Vinakuuma."

"Kitanda kile nilichotutengenezea nikiuze?"

"Thubutu! Nitakushitaki polisi."

"Hawanipati," Suhaib akasema, na wote wakajaribu kucheka.

Kwenye uwanja wa ndege wa Muscat, Najat aliweka vidole juu ya kioo cha mashine. Alama zikatoka zote mara moja, safi kabisa, na ofisa akamwashiria apite. Hakupita. Alivileta vidole puani, bado vilinukia nazi, akasimama hivyo hivyo mpaka mtu wa nyuma yake akamwambia taratibu, "Nenda, dada. Umeshamaliza."