Kilichoitika Lituhi

Kilichoanza kuharibika kilikuwa kidogo mno, hata Notburga akadhani ni masikio yake. Jumatatu saa nne asubuhi, amekaa chumba cha kuhariri, hedifoni kichwani, anasikiliza kazi waliyorekodi kijijini Lituhi, kando ya ziwa. Akamsikia bosi wake akiuliza, "Sauti?" Akajisikia mwenyewe akijibu, "Ipo." Halafu, kabla hajasogeza mkono, akasikia "Ipo" nyingine, ya chini, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka na siku yake. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Zilikuwa mbili.

Studio yenyewe usiulize. Vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo pale Mbinga mjini, pazia jeusi katikati, kompyuta moja inayopumua kwa shida, na bango kubwa kuliko mlango. Mwenye studio ni Erasmo Kapinga, ila ukimwita Erasmo hageuki, mpaka useme Dairekta. Miaka kumi na miwili alikuwa akipiga harusi, jubilei za masista na misa za upadrisho, akajiaminisha kwamba hizo ndizo filamu. Ukungu wa Mbinga umeshuka hadi kwenye mabati, yeye kavaa miwani ya jua. Mtu mzima hovyo.

Notburga, binti wa wakulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda, huko huko Mbinga, alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya filamu, na chuo kilimtaka afanye fildi wiki nane mahali penye vifaa. Bila fomu yenye sahihi ya msimamizi, anarudia mwaka. Erasmo alilijua hilo na alilitumia. Alimwita "msomi" kwa mdomo ule ule ambao wengine wanasemea kunguni. Kazi ya binti ilikuwa kubeba: stendi, taa, mabegi ya betri, na zaidi ya yote ule mti mrefu wa maiki. Na kujibu. Dairekta akiuliza "Sauti?", mshika maiki anajibu "Ipo," ndipo kazi ianze. Wiki ya kwanza alichelewa kujibu, mara moja tu, na Erasmo akamsimamisha uani na mti wa maiki juu, akamuuliza "Sauti?" mara mia, naye akajibu "Ipo" mara mia, madereva wa bodaboda wakihesabu na kucheka. Tangu siku hiyo ungemuuliza usingizini angejibu. Erasmo aliyaita hayo mafunzo.

Sasa twende Lituhi. Erasmo alikuwa ameamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, ya majini na mizimu, eti atishe nchi nzima. Akasikia habari za Bibi Emerensiana, ambaye mwanawe Joakim alikwenda ziwani kuvua mbasa, mtumbwi ukarudi, yeye hakurudi. Kila siku saa tisa alasiri, saa ile mtumbwi ulipoonekana mtupu, bibi hushuka kwenye mawe ya ufukweni, humwita mwanawe mara tatu, hukaa kimya akingoja, kisha hupanda nyumbani kwake. Mwingine angemwona mama pale. Erasmo aliona picha ya bure. Akaenda na kilo mbili za sukari na mdomo mtamu.

Bibi alikubali, kwa sharti moja. "Nikishamwita, kile kimya ni cha mwanangu," alisema, rozari mkononi. "Asiitike mtu mwingine ndani yake. Hata kikohozi, mkakoholee mbali."

Erasmo akasema ndiyo bibi, ndiyo bibi, huku anamkonyezea jicho Vitalis, mpiga kamera wake. Saa tisa ikafika. Bibi akaita Joakim, Joakim, Joakim, akanyamaza. Ziwa lilikuwa limelala. Erasmo, ambaye kimya kilikuwa kinamwasha mwilini, akaanza kuogopa kwamba labda mashine hairekodi, akainama, akanong'ona, "Sauti?" Na mdomo wa Notburga, ule uliofunzwa uani mara mia, ukajibu wenyewe.

Bibi aligeuka pole pole. Hakumtazama Erasmo, alimtazama binti, na kwa huruma. Akajifunga khanga yake, akaondoka bila kuaga. Erasmo akasema safi, tumeipata.

Kufikia Jumanne ile "Ipo" ya pili ilikuwa kila mahali, hata kwenye kazi za zamani: harusi ya mwaka jana, ngoma zimesimama mwali aingie, "Ipo", misa ya upadrisho, kile kimya padri anapoinua Ekaristi, "Ipo." Manyoya ya kufunikia maiki yalikutwa yamelowa, na chumba kikaanza kunuka nyavu mbichi na matope ya ufukweni, huku juu milimani, mbali na ziwa. Notburga akampelekea Erasmo hedifoni. Erasmo alisikiliza, akazirusha mezani, akasema huo ni mwangwi, na kwamba siku hizi vyuo vinazalisha wajinga kwa fungu.

Jumatano Vitalis alimwita Notburga kutoka mlangoni, naye hajafungua mdomo, nyuma ya pazia jeusi pakaitika, kwa sauti yake yeye, na Vitalis akaliambia pazia habari za betri, akaridhika, akaenda zake. Notburga alikuwa amesimama mbele yake. Alisema kaka Vitalis, mimi huyu hapa, na Vitalis akapikicha sikio kama mtu aliyesumbuliwa na inzi.

Alhamisi mama yake akapiga simu, na hapo ndipo roho ilipomruka kweli, maana aliipokea, mama akasema, "Notburga?", na kabla hajavuta pumzi sauti yake mwenyewe ikaitika humo humo ndani ya simu, "Naam mama, shikamoo," na mama akaanza kumweleza kahawa iliyoanikwa vichanjani na mvua isiyotabirika na mbuzi aliyezaa, na ile sauti ikauliza vizuri, ikacheka panapochekesha, ikampa pole ya mguu, na Notburga akapiga kelele mama usiongee nayo, mama si mimi, akapiga kelele mpaka shingo ikamuuma, na mama hakusikia hata punje, akaendelea kucheka na ile sauti mpaka ikamwambia, kwa upole wa mtoto aliyelelewa, "Jumapili nakuja mama," naye mama akajibu, "Njoo mwanangu, nitakusubiri njiani."

Ijumaa alfajiri Notburga alipanda gari kwenda Lituhi. Shikamoo yake ilibidi airudie mara tatu bibi asikie.

"Mimi si mganga," Bibi Emerensiana alimwambia akimkalisha mkekani. "Ni mama tu. Ila kile kilichomchukua Joakim nakijua, kinakaa pale kwenye mawe kinangoja mtu aitike. Umeitika. Sasa kinajifunza kuitika badala yako. Kinaanza na mashine, kinakuja kwenye simu. Siku mama yako atakapokipokea uso kwa uso, wewe utabaki kuchezesha midomo."

Notburga akamweleza yote, hadi ile fomu isiyosainiwa, akauliza kama kuna dawa, huku machozi yanamtoka. Bibi akasema kinaondoka kama mgeni asiyeamkiwa. Yule aliyeuliza arudi pale pale, saa ile ile, aulize vile vile, mara moja, na asiitike mtu yeyote mpaka yeye bibi amalize fungu moja la rozari, punje kumi. "Wewe hasa," akasema. "Usiitike hata kama atakuita mama yako mzazi."

Nani angedhani Erasmo atakubali? Alikubali mara moja, si kwa huruma. Notburga alimwandikia kila kitu kwenye karatasi kwa kuwa hasikiki tena, na Erasmo aliposoma kwamba kuna jini la kufukuzwa macho yalimng'aa, akamwambia Vitalis achaji kamera zote mbili. Binti wa watu anapotea, yeye anatafuta trela ya filamu.

Jumamosi saa tisa walikuwa kwenye mawe. Bibi alimsogelea Erasmo akamwambia usoni, "Utauliza mara moja. Halafu unyamaze, kama unaweza."

"Bibi, mimi ni dairekta," Erasmo akasema.

Akauliza, "Sauti?" Bibi akashika punje ya kwanza. Notburga alikuwa na mti wa maiki mikononi na hedifoni masikioni, na ndani ya zile hedifoni kitu kilisogea, kikatiririka maji, kikapumua karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia, kikaanza kumwita kwa sauti ya mama yake, mwanangu, Notburga, mguu unaniuma, njoo, kisha kwa sauti ya Erasmo, Sauti, Sauti, Sauti, na wale madereva wa bodaboda wakihesabu nyuma yake, thelathini na mbili, thelathini na tatu, na ulimi wake ukawa unainuka wenyewe kwenda mahali ulipofunzwa kwenda, mpaka akang'ata mkanda wa begi la betri kwa meno yote na kuukaza hadi akaonja damu.

Erasmo hakusikia lolote kati ya hayo. Aliona tu kwamba kasichana ka fildi kamemnyamazia mbele ya watu, na kamera inarekodi.

"Sauti?" akarudia. Bibi akainua kiganja. Vitalis akatazama chini. "We msomi, nakuuliza wewe. Sauti?"

Aliambiwa. Mbele ya mashahidi aliambiwa. Lakini huyu ni mtu ambaye hata makaburini, watu wanamwombea marehemu, yeye anaelekeza mwanga, na kimya cha nusu fungu la rozari kilikuwa kirefu kuliko akili yake yote, basi akatupa mikono juu, akamsonya binti, akajijibu mwenyewe kwa sauti kubwa iliyofika hadi majini.

"Ipo!"

Masikioni mwa Notburga ile pumzi ikahama. Bibi Emerensiana aliiacha rozari kwenye punje ya sita. "Basi," akasema. "Wahi sahihi yako, mjukuu wangu."

Njia nzima ya kupanda Erasmo alikuwa akifoka, Vitalis alivyodhani kwa kelele za gari, mpaka waliposimama Ruanda kumshusha binti, Vitalis akagundua kwamba mdomo unakwenda na hakuna kinachotoka. Mama yake Notburga alikuwa uani anageuza kahawa. Akaita, "Notburga?" kwa mshangao, maana alimtarajia kesho yake. "Naam mama," Notburga akaitika, kwa koo lake mwenyewe lililokauka, akakaa chini kwenye vumbi na kulia.

Jumatatu alikwenda na fomu. Studio ilikuwa imejaa wateja, na nyuma ya pazia jeusi sauti ya Erasmo ilikuwa ikipanga harusi mbili na jubilei, kwa adabu ambayo Erasmo hakuwahi kuwa nayo. Wateja walimsifu, dairekta siku hizi kabadilika. Erasmo mwenyewe alikuwa kwenye kiti mbele yao, bila miwani, anafungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani, na hakuna aliyemtazama. Alipomwona Notburga alimshika mkono wa shati. Binti akamwekea kalamu. Erasmo akasaini, kisha kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi akaandika "Nis", na hapo mkono ukakwama.

"Futa," ikasema sauti nyuma ya pazia. "Andika: mwanafunzi huyu anajua kunyamaza."

Mkono ukafuta, ukaandika, machozi yakidondokea karatasi. Notburga akaikunja fomu, akashukuru, sijui alimshukuru nani. Alipokuwa mlangoni mke wa Erasmo, Hildegardi, akaita kutoka uani kwamba chai tayari, baba njoo. Sauti ikaitika, naye akampita mumewe pale kitini na kikombe cha chai ya moto, akakipeleka nyuma ya pazia.