Pengo la Jina

Kumasi watu hufa kama kwingine, ila huzikwa kwa mbwembwe kuliko kwingine. Kila Jumamosi kuna familia inayotafuta wanawake wa kuwalilia maiti yao kwa sauti nzuri, maana wenyewe hawajui kulia. Wanajua kuvaa tu. Kwa hiyo kikundi cha waimba mbolezi, nyimbo za msiba, wa mtaa wa Asafo hakikuwahi kukosa kazi.

Siku kompyuta ya kurekodia ilipoletwa, Yaa Birago, mmoja wa waimbaji, aliikagua kama anavyokagua samaki sokoni, akitafuta palipooza. Walikuwa wameinunua kwa ushirika: wao, kwaya ya kanisa na wapiga ngoma. Chumba walichoiweka kilikuwa saluni zamani. Fundi Yiadom alibandika trei za mayai ukutani, akaziba dirisha kwa godoro, akamwomba jirani azime friji kila wanaporekodi.

"Sikilizeni, akina mama. Humu kila mtu ana mstari wake. Huu mwekundu ni wa Maame Konadu. Huu wa kijani ni wa Maame Birago. Mstari wa mwenzio huugusi. Mashine ni ya wote, sauti ni ya mwenyewe."

"Wa Birago ungeupaka rangi ya kutu," Konadu akasema. "Sauti yenyewe mlango wa choo!"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote alikuwa Birago.

Konadu ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Akifungua kinywa, hata mjane aliyemchukia mumewe atalia. Birago alikuwa akimwitikia tangu wote wana meno yao kamili, na kila msiba alijiuliza moyoni: na mimi lini?

Sasa, mbolezi ya watu hawa ina mwiko. Jina la mtu haliimbwi mpaka awe amelazwa maiti. Mkiwa mazoezini, mkifika penye jina mnanyamaza, mnavuta pumzi, mnaendelea. Hata watoto wakicheza msiba uani hunyamaza hapo. Kwenye mashine walifanya vivyo hivyo: waliimba wimbo mzima, wakaacha pengo. Mtu akifa, jina lake linaimbwa peke yake, Yiadom analikata, analibandika penye pengo, na spika zinaupiga wimbo huo nyumbani kwa marehemu tangu asubuhi.

Adhuhuri moja Yiadom alikwenda kununua wali, akamwachia Birago chumba. Nje jua linawaka, mtu anapiga honi, mwingine anamtukana. Birago akakalia kiti cha fundi. Alikuwa amemtazama akikata na kubandika hata akachoka kumtazama, na si kazi ya kusomea chuo. Akasogeza mdomo kwenye maiki, akaimba jina moja tu.

Adwoa Konadu.

Akalikata. Akalibandika penye pengo. Likaingia sawasawa, kana kwamba lilipimiwa. Akavaa hedifoni, akausikiliza wimbo mpaka mwisho: Konadu akiwaongoza wenzake kumlilia Konadu. Kisha akafuta. Kwenye kioo cha kompyuta kunafutika. Ulichokwisha kukiimba unakifutia wapi?

Konadu hakuiona Jumapili. Alianguka akianika nguo, akafa na vibanio mdomoni.

Birago akaongoza maziko yake, akapewa nafasi ya kwanza, akala vizuri. Dhamiri ni kitu cha watu wenye nafasi.

Wiki iliyofuata wakarekodi wimbo upya, yeye akiongoza. Alipomaliza, Yiadom alikuwa ameduwaa.

"Maame! Kumbe ulikuwa unatuficha?"

Akapiga wimbo. Wanawake wakashika vifua. Ilikuwa sauti ya Konadu.

"Hiyo si sauti yangu," Birago akanong'ona.

"Mstari wa kijani, Maame. Ni wa nani basi?" Yiadom akacheka. "Marehemu kakuachia urithi, nawe unaukataa?"

Wenzake wakacheka naye. Birago hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo. Penye pengo, mstari ulipotakiwa kulala kama uzi, palikuwa na kivimbe.

"Kile nini?"

"Pumzi tu." Yiadom akakikata.

Kikarudi.

Birago akavaa hedifoni, akapandisha sauti. Hakusikia kitu. Akapandisha tena. Mtu alikuwa ananong'ona, karibu kabisa na sikio, kwa sauti ya Konadu. Neno moja.

Ntiriwaa.

Ntiriwaa alikuwa binti yake. Mmoja tu, aliyebaki baada ya kuzikwa watatu.

Alikimbia mpaka nyumbani, kiatu kimoja kikabaki njiani. Akamkuta Ntiriwaa uani anakula kenke, ugali mchachu wa mahindi, na samaki, mzima kama asubuhi.

"Mama, umefukuzwa na mbwa au na mume wa mtu?"

Pembeni yake Maame Pokuaa, mama mzazi wa Birago, kibogoyo, alikuwa anamchambulia mjukuu wake miiba ya samaki, anamwekea nyama sahanini. Birago alimtazama huyu. Akamtazama yule.

Akachagua. Haikumchukua muda.

Akarudi chumbani kule, akamtuma Yiadom maji. Akaimba jina la mama yake, akalikata, akalibandika juu ya ule mnong'ono.

"Mchukue huyu," akaiambia maiki taratibu. "Ameshakula vya kutosha."

Kivimbe kikatoweka.

Pokuaa alikufa ameketi, mwiba wa samaki uko bado vidoleni. Birago alilia kama desturi inavyotaka. Moyoni alisema, basi, tumemalizana.

Jumamosi ya mazishi ilikuwa nyeupe, jua zuri, hema limejaa watu waliovaa nyekundu na nyeusi. Spika zikaanza. Wimbo ukafika penye pengo. Jina la Pokuaa likapita. Kikafuata kimya. Kisha sauti ya Konadu, bila haraka, ikaimba jina la pili.

Vichwa vikageuka. Yiadom akachomoa waya.

Spika hazikunyamaza.

Ntiriwaa alikuwa kiti cha mbele. Alimwegemea shangazi yake begani. Shangazi akadhani amechoka. Akamwinua kichwa kikae vizuri.

Kichwa kikarudi.

Birago akafungua kinywa kumlilia mwanawe. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama, na kutoka kwenye spika zisizo na waya ikatoka mbolezi nzuri ambayo Asafo haijapata kusikia mfano wake. Watu walilia. Wengine walimsifu.

Tangu hapo ni mnong'ono tu anaoweza. Haya yote ameyanong'ona mwenyewe kwa kila aliyesimama kumsikiliza, na wasimamao ni wachache, maana watu wana kazi.

Kompyuta waliichoma moto. Chumba kimefungwa kwa kufuli. Imebaki maiki peke yake kwenye mguu wake, haina waya, na hakuna anayetaka kuishika. Mwenye nyumba huingia mara mojamoja kufagia. Trei kavu. Godoro kavu. Lakini ile sponji inayofunika maiki kila mara huikuta imelowa.

Imelowa, na ina joto.